Uamuzi wa kuvuka hufanywa Bujuku

Mama Mshauri, Mimi ni mwalimu wa hesabu, nina miaka 29, naishi Mangobo hapa Kisangani. Tuko watatu: mimi, rafiki yangu anayeuza vipuri vya pikipiki pale Makiso, na dada mmoja muuguzi ambaye wazazi wake ni Wanande wa Butembo. Tumecheza likelemba, mchango wetu wa zamu, miaka miwili ili twende Nepal kuvuka Thorong La, kipito cha mita 5,416 kati ya milima ya Himalaya, ambacho tumekitazama kwenye video mpaka tumekariri kila kona. Sisi ni wazima. Rafiki yangu anacheza mpira kila Jumapili, nami naenda kazini kwa baiskeli. Ila hatujawahi kulala mahali penye baridi kuliko Butembo. Je, mwili wa mtu wa Kisangani utaweza? Tutajizoezaje katika mji usio na mlima? Tuanzie wapi? Na mama yangu mzazi anasema tunaenda kufa. Nimjibu nini?

Mwalimu wa Mangobo

*

Mwanangu Mwalimu,

Mwili wa mtu wa Kisangani utaweza. Hewa haba haichagui kabila wala mji wa kuzaliwa. Mjerumani wa pwani inamsumbua kama itakavyomsumbua mtu wa Mangobo, na dawa yake kwa wote ni moja: kupanda taratibu. Kwa hiyo hilo lisikukoseshe usingizi. Linalonihangaisha mimi ni swali ambalo hukuliuliza: siku mmoja wenu atakapoumwa, mtakuwa upande gani wa kipito?

Ushauri wangu ni huu. Fedha ya Nepal iacheni ikae kwanza. Nendeni Ruwenzori kwa upande wa Uganda, mzunguke njia ya kati, mvuke vipito vya Scott Elliot na Freshfield, kisha mrudi nyumbani. Mkishajua miili yenu inafanya nini kwenye mita 4,000, ndipo mkae tena kuzungumzia mita 5,416.

Najua utasikitika. Lakini usidhani nakupa mlima wa watoto. Kilele cha Margherita juu ya Mlima Stanley kina mita 5,109, na Afrika nzima ni Kilimanjaro na Mlima Kenya tu inayoupita. Ni Stanley yuleyule ambaye mji wetu ulibeba jina lake mpaka 1966. Mpaka wa nchi unapita juu ya mlima huohuo, nusu yake ni yetu, na wazee wa huyo dada muuguzi wanaufahamu kuliko kitabu chochote: kwa Wanande na ndugu zao Wabakonzo wa Uganda, theluji ile ni makao ya mungu Kitasamba.

Ningependa sana kuwatuma kwa upande wa kwetu. Njia ipo tangu zamani. Msafara wa Wabelgiji chini ya Xavier de Grunne uliupanda mlima huu kutoka Kongo mwaka 1932, na vituo vya njia hiyo bado vinatajwa ndani ya Hifadhi ya Virunga: Mutwanga, Kalonge, Mahangu, Kiondo. Siwezi kuwatuma huko leo. Wilaya ya Beni inazika watu tangu 2014, na vijiji vya chini ya mlima vimeshambuliwa pamoja na vingine. Akitokea kijana wa huko akawaambia kwamba anajua pa kupita, mshukuruni, lakini msimfuate.

Barabara nayo ni hivyohivyo. Ukiitazama RN4 kwenye ramani inavutia: Bafwasende, Nia-Nia, Epulu, Mambasa, Komanda, Beni, kisha Kasindi na unavuka mpaka kuingia Mpondwe. Ni zaidi ya kilomita 700 mpaka Beni peke yake, na umbali siyo tatizo, sisi watu wa Tshopo tumezoea malori na matope. Tatizo ni kwamba Komanda ndiko waumini walikouawa kanisani Julai 2025, na magari yamekuwa yakichomwa kati ya hapo na Beni mwaka hadi mwaka. Fedha mtakayotaka kuiokoa kwa kupanda lori, ilipeni ndege. Kuzungukia Kinshasa hadi Entebbe kunaudhi kwa mtu ambaye mlima uko mashariki yake, lakini kutoka Entebbe mnafika Kampala, mnapanda basi, na lami inawapeleka hadi Kasese. Bebeni kadi za chanjo ya homa ya manjano. Na mnapoulizia ada za hifadhi, ombeni bei ya raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nchi yetu ni mwanachama tangu 2022, na tofauti ya bei hiyo na ya mgeni wa Ulaya ni kubwa.

Sasa tuje kwenye hewa. Kisangani iko mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari. Pale Scott Elliot, mita 4,372, kila pumzi itawapa oksijeni kama sehemu tatu kati ya tano za ile ya pwani. Mwili huzoea hali hiyo, ila huzoea kwa siku kadhaa: utapumua haraka hata ukiwa umelala, utakojoa mara nyingi, na damu itaanza kuongeza chembe zake nyekundu. Mpira wa Jumapili hauharakishi kazi hiyo hata kidogo. Mwambie rafiki yako hivyo bila kumficha, maana vijana wenye nguvu huumwa sana milimani kwa sababu nguvu zao zinawafikisha juu kabla damu haijawa tayari.

Waganga wa milimani wana kanuni ambayo mtaifuata: ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kutoka usiku mmoja hadi mwingine, na kila baada ya siku tatu au nne mlale tena palepale. Kinachohesabiwa ni mahali unapolala. Mchana unaweza kupita juu zaidi na kushuka.

Wewe ni mwalimu wa hesabu, basi chukua daftari. Mtaanza kutembea Nyakalengija, mita 1,650 hivi. Usiku wa kwanza ni Nyabitaba, karibu 2,650. Wa pili ni John Matte, ambayo imepita 3,400. Wa tatu ni Bujuku, karibu 3,960. Toa kila moja kwenye inayofuata. Kutoka Nyabitaba hadi John Matte mnaongeza zaidi ya mita 750 kwa siku moja, na kesho yake mnaongeza zaidi ya 500 nyingine. Ratiba za kawaida zimepangwa hivyo kwa sababu kila siku inagharimu chakula, wapagazi na ada. Kwa mtu wa mita 400, ratiba hiyo inakimbia mno. Ombeni usiku wa pili John Matte, na uandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo, usiwe ombi la kutolewa mlimani wakati mpishi ameshahesabu mchele. Siku hiyo ya katikati msilale kutwa nzima kibandani. Pandeni kidogo hadi Bigo ya chini, kisha mrudi.

Bigo mtaikumbuka. Ni bonde lote limekuwa tope jeusi, limejaa mashina ya nyasi yaliyoinuka kufika magotini, nawe unaruka kutoka shina hili hadi lile ukiwa umeshika fimbo. Ukikosea, buti linazama hadi juu, na unapovuta mguu buti linabaki chini. Katikati ya tope hilo husimama lobelia kubwa kupita kimo cha mtu. Kuna vipande vimejengwa njia ya mbao, na kuna vipande ambavyo havina. Mpagazi mwenye kilo zake mgongoni ataruka bila kutazama chini. Msimwige.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nikuandikie kwa kirefu. Anayepanda kilele, kama Kilimanjaro, akiumwa anageuka, na kila hatua ya kurudi inamteremsha. Anayevuka kipito anakuwa hivyo mpaka anapofika juu tu. Akishavuka, mambo yanageuka. Kutoka Bujuku mtapanda kati ya miti minene ya senesio hadi Scott Elliot, mtapenya kwenye mawe, mtashuka upande wa pili hadi maziwa ya Kitandara, kama mita 4,020. Sijui mahali pazuri zaidi kwenye mlima ule. Maziwa mawili yametulia kati ya majabali, maji yake yana kijani kilichokolea, na asubuhi ukungu unayaacha wazi kwa muda mfupi. Lakini itazameni Kitandara kwenye ramani kabla hamjaipenda. Nyuma yenu kuna Scott Elliot, mita 4,372. Mbele yenu kuna Freshfield, mita 4,282. Maji ya maziwa yale yanatoka kuelekea magharibi, yanateremka bonde la Butawu kuja kwetu Kongo, ambako leo hakuna njia mtakayoifuata wala mtu wa kuwapokea. Maana yake ni kwamba mtu akizidiwa usiku Kitandara, hawezi kushuka mpaka kwanza apandishwe: mita 260 kwenda mbele au 350 kurudi nyuma, kwa machela, mabegani mwa watu, kwenye mawe yenye utelezi na pengine mvua. Na mgonjwa wa mwinuko kumpandisha ndiko kumhatarisha hasa. Msitegemee helikopta, mlima ule unafunikwa na mawingu siku nyingi za mwaka.

Ndiyo sababu nasema uamuzi wa kuvuka hufanywa Bujuku. Kutoka Bujuku kurudi John Matte ni kuteremka tu. Baada ya Scott Elliot, nafasi hiyo haipo tena kwa siku nzima au zaidi.

Mfanye hivi. Jioni mkifika Bujuku, kabla ya chakula, kila mmoja aulizwe mbele ya wenzake. Kichwa kinauma? Chakula kinakataa, au tumbo linachafuka? Kuna kizunguzungu? Umechoka kupita siku ilivyokuwa? Asubuhi kabla ya kufunga mizigo, muulizane tena. Kichwa kinachouma pamoja na lolote kati ya hayo, katika siku za kwanza za kupanda, ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vingine. Mwenye dalili hizo hapandi siku hiyo. Anabaki, anakunywa, anapumzika. Zikiisha kabisa, anaweza kuendelea kesho yake. Zikiongezeka, anashuka John Matte. Kisha mpeni kila mmoja mtihani wa miguu: atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, hatua kumi. Anayeyumba kama mlevi ubongo wake unavimba, na huyo anashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, akiwa na kiongozi. Vilevile anayehema akiwa amekaa, au anayekohoa na kifua kinakoroma. Hapo ni mapafu yameanza kujaa maji.

Dada muuguzi apewe kazi hii rasmi tangu Kisangani, ili atakaposema mtu asipande isionekane anamwonea. Naye akaguliwe na wewe, kwa sababu anayehudumia wengine husema mwenyewe hajambo. Na hili mkubaliane sasa, mkiwa mmeshiba na mko nyumbani: anayeshuka hatoi sababu wala hasihiwi aendelee. Mmechanga sawa miaka miwili, kila mmoja anahisi ana haki ya kufika, na hapo ndipo watu huanza kuficha kichwa kinachouma. Nasikitika kusema kwamba kificho hicho kimeua watu wengi kwenye milima ya dunia.

Kuhusu dawa, ipo asetazolamidi, ambayo husaidia mwili kuzoea mapema. Kipimo cha kujikinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Itawafanya mkojoe sana na vidole vitasisimka. Hiyo ni kawaida. Lakini ni ya jamii ya salfa, kwa hiyo aliyewahi kudhurika na Bactrim au Fansidar asiiguse kabla ya kumwona daktari. Mnunue kwenye duka la dawa linaloeleweka, si kwenye meza ya sokoni. Na anayeimeza asidhani amepata ruhusa ya kupanda haraka. Akiumwa, atashuka kama mwingine.

Yapo mambo mawili ambayo vitabu vya wapanda milima wa Ulaya huyagusa kwa haraka, ilhali kwetu ndiyo ya kwanza.

Nendeni hospitalini mkapimwe himoglobini, kile kipimo kinachoonyesha kama mtu ni AA, AS au SS. Mwenye SS asipande mlima huu wala ule wa Nepal. Hewa haba inaziumbua chembe zake za damu na inaweza kumuua. Mwenye AS kwa kawaida haumwi kitu, ndiyo maana wengi wanazeeka bila kujua, na katika nchi yetu ni kama mtu mmoja kati ya watano. Lakini juu milimani wamewahi kupatikana watu wa AS ambao wengu wao ulikosa damu ghafla na sehemu yake ikafa. Dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto. Si wengi, na AS peke yake haimzuii mtu kutembea njia hii kwa mwendo ninaousema. Inamtaka aongee na daktari kabla ya kulipa, anywe maji sana, asipelekwe mbio, na kiongozi ajue. Maumivu ya mbavu za kushoto yakianza, mtu huyo anashuka, hakuna kungoja asubuhi.

La pili ni malaria. Mnaweza kutoka Kisangani nayo damuni bila kujua, nayo ikaamua kupanda mkiwa John Matte. Kichwa kitauma, mwili utachoka, chakula kitakataa, dalili zilezile. Tofauti kubwa ni homa: mwinuko wenyewe hauleti homa kali ya kutetemeka. Kwa hiyo pakieni kipimajoto, vipimo vya haraka vya malaria na dozi kamili ya dawa mseto kwa kila mmoja. Zaidi ya hayo, mtu aliyeugua malaria majuzi anaweza kuwa na upungufu wa damu, na mwenye damu pungufu anaanza safari akiwa amekwisha kupanda nusu ya mlima. Mkipimwa himoglobini, ombeni na wingi wake. Ukiwa chini, ahirisheni, mle sombe na maharage, mtibiwe, mpimwe tena.

Sasa mkataba. Hifadhi ya Milima ya Ruwenzori ilianzishwa 1991 na imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1994. Hairuhusiwi kuingia bila kiongozi. Njia ya kati ya Nyakalengija inahudumiwa na Rwenzori Mountaineering Services, chama cha wenyeji. Njia nyingine, ya Kilembe, ina kampuni yake na vipito vyake, lakini ni ndefu zaidi, iacheni kwa mara ya pili. Nyie watatu dai lenu kubwa liwe viongozi wawili. Kampuni itasema mmoja anatosha kwa watu watatu, na kwa siku njema anatosha. Lakini mmoja wenu akibaki Bujuku na wawili wakitaka kuvuka, kiongozi mmoja atakwenda na nani? Hapo ndipo mgonjwa anaposhawishiwa aendelee, ili kundi lisivunjike. Lipeni wa pili. Andikeni pia kwamba kiongozi akikataa kuvuka kwa sababu ya afya au mvua, neno lake ni la mwisho.

Ulizeni mizigo ya wapagazi inapimwa wapi na mpimaji ni nani, na kama kila mmoja ana buti na blanketi. Watu wale wanalala katika baridi ileile. Lugha isiwatie hofu: Kiswahili kinasikika Kasese kwa sababu ya biashara ya mpakani, na dada wa Butembo ataongea na wapagazi karibu kama anavyoongea na shangazi zake. Jambo hilo litawafaa kuliko fedha. Mpagazi atamwambia mtu wa lugha yake mapema kwamba mwenzenu ametapika nyuma ya kibanda.

Margherita yenyewe msiiweke kwenye ratiba. Pale juu kuna barafu yenye nyufa, panahitaji kamba, viatu vya miiba na mazoezi ambayo hamna, na barafu inayeyuka kila mwaka hivi kwamba njia inabadilika. Vipito havihitaji vifaa hivyo. Mtashuka kutoka Freshfield kupitia Bujongolo, jabali lililoinama ambalo chini yake mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, aliweka kambi yake mwaka 1906 alipokifikia kilele kile kwa mara ya kwanza. Kutoka Freshfield, mawingu yakifunguka, mtaiona Kongo chini upande wa magharibi. Kisha Guy Yeoman, Nyabitaba, na kutoka.

Kuhusu majira, Januari na Februari kuna afadhali, na tena kuanzia mwisho wa Juni hadi Agosti. Wewe utachukua Julai au Agosti shule zikiwa zimefungwa. Nasema afadhali, kwa sababu mvua itanyesha. Mpange kama watu watakaolowana kila siku.

Mazoezi: ni kweli hatuna mlima, lakini mlima unahitaji vitu viwili ambavyo Kisangani inavyo, umbali na ngazi. Anzeni miezi minne kabla. Jumamosi mtembee na mzigo, kutoka mjini kufuata barabara ya Buta mpaka PK 15 na kurudi, mgongoni mkiwa na kilo tano, kisha nane. Msitembee kwenye ukingo mkavu tu. Baada ya mvua ndiyo siku yenu. Mara mbili kwa wiki tafuteni jengo la ghorofa pale Makiso, mpande na kushuka saa nzima na mzigo uleule, mkijali zaidi kushuka, maana magoti hufa kwenye kushuka. Baiskeli yako inasaidia mapafu lakini haifundishi goti kushuka. Vaeni buti zenu za mpira kwenye mazoezi yote. Njia ile hutembewa kwa buti za mpira kuliko viatu vya ngozi, na buti jipya ambalo halijazoeana na mguu litakuchuna siku ya kwanza, na tope la Bigo litamalizia kazi. Nunueni namba inayoingia soksi mbili.

Nguo nyingi mtazipata kwenye mitumba kwa bei ndogo kama mtakuwa na subira: sweta za sufu, fulana za nailoni, kofia ya sufu, glavu. Jinzi na fulana za pamba ziacheni nyumbani. Pamba ikilowa haikauki kule juu, nayo inakunyonya joto usiku kucha. Koti la mvua lisiwe lile la kuvaa kwenye pikipiki linalochanika kwapani. Begi la kulalia lenye joto kodisheni kwa kampuni, na mlikague kabla ya kuondoka Nyakalengija: lifungueni lote, mlinuse, mjaribu zipu. Na seti moja ya nguo za kulalia ifungwe ndani ya sashe mbili za plastiki, isivaliwe mchana hata iweje. Mtu mwenye nguo kavu za usiku anaweza kuvumilia mchana wa aina yoyote.

Chakula mpishi atapika, lakini hamu ya kula hupotea juu. Kila mmoja abebe kitu ambacho hajawahi kukikataa maishani. Siagi ya karanga inafaa sana, na haiharibiki upesi.

Mkirudi salama, mtakuwa mmejibu wenyewe swali la Nepal. Thorong La iko juu ya Scott Elliot kwa zaidi ya mita elfu moja, na hewa yake ni karibu nusu ya ile ya pwani. Lakini njia yake ina vijiji vyenye vyumba vya kulala, kwa hiyo mnaweza kusimama mnapotaka, na watu wenye busara hulala Manang, mita 3,540, usiku mbili au zaidi. Tangu Aprili 2023 sheria ya Nepal inamtaka mgeni awe na kiongozi kwenye njia kama hiyo. Kipito ni kipito tu: kuna mahali pa kuamulia, panaitwa Thorong Phedi, karibu mita 4,500, na baada ya hapo utashuka zaidi ya mita 1,600 hadi Muktinath kabla ya kupumzika. Oktoba 2014 dhoruba ya theluji iliwakuta watu wakiwa njiani kwenye kipito hicho na milima ya jirani, na zaidi ya 40 walikufa. Oktoba ni mwezi mzuri wa kutembea kule. Wengi wa wale watu walikuwa na nguvu kuliko sisi. Someni habari hiyo kabla hamjalipa tiketi, na kateni bima inayotaja kwa maandishi kwamba inalipa uokoaji juu ya mita 5,000.

Umebaki na mama. Usimwambie kwamba hakuna hatari, kwa sababu ipo naye anajua. Usimwonyeshe video. Kaa naye, mwonyeshe majibu ya hospitali ya nyinyi watatu. Mwachie karatasi yenye jina la kampuni na namba zake za simu, jina la kiongozi, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka Nyakalengija. Mweleze kwamba juu simu haishiki sehemu nyingi, hivyo kimya cha siku saba si habari mbaya. Kisha andika tarehe ya tatu, siku mbili baada ya ile ya kutoka, na umwambie: Mama, siku hii ikifika hujanisikia, piga namba hizi. Mwombe mjomba au kaka wa kuaminika awe na karatasi kama hiyo, ili asihesabu siku peke yake.

Mama Mshauri